Kwa mnaoanza kusoma ukuaji wa haiba na utambulisho

Nilipoanza kusoma saikolojia ya ukuaji nilikuwa na swali moja tu: mtu hubadilika au habadiliki? Karibu muhula mzima niliupoteza nikitafuta ndiyo au hapana. Nawaandikia ili ninyi muuokoe muhula wenu, kwa sababu hayo ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Chukua watu mia moja wenye umri wa miaka 20. Wapange foleni, mbele akae aliye makini na kazi kuliko wote, nyuma akae aliye mzembe kuliko wote. Rudi baada ya miaka ishirini. Unaweza kuuliza kama kila mtu bado yuko nafasi yake. Unaweza pia kuuliza kama foleni nzima imesogea, hata kama hakuna aliyempita mwenzake. Watafiti Roberts na DelVecchio walishughulikia swali la kwanza mwaka 2000, wakakusanya matokeo ya tafiti 152 zilizofuatilia watu walewale kwa miaka. Walitumia kipimo cha uwiano, ambacho kingefika 1 kama kila mtu angebaki pale pale. Utotoni kilikuwa 0.31, miaka ya chuo 0.54, umri wa miaka 30 kikawa 0.64, na kati ya miaka 50 na 70 kikafika 0.74. Kwa hiyo foleni hutulia kadiri umri unavyosonga, lakini hata wazee huendelea kupishana. Mwaka 2006 Roberts na wenzake walirudi na swali la pili, safari hii kwa tafiti 92, wakaona kwamba kwa wastani watu huzidi kuwa makini na hutulia zaidi kihisia, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Kila unaposoma makala, jiulize kwanza inajibu swali lipi kati ya hayo. Mabishano mengi niliyoyasikia darasani yalikuwa ya watu wawili waliokubaliana bila kujua.

Sisi tuna methali ya samaki mkunje angali mbichi, na mwanasaikolojia William James aliandika mwaka 1890 kwamba kufikia miaka thelathini tabia ya wengi wetu imeshakauka kama plasta. Takwimu hizo haziitupi methali. Zinaonyesha tu kwamba samaki huyu hukauka polepole sana, na kwamba mabadiliko bado hutokea hata katika miaka ambayo James aliiona imeshafungwa.

Jihadharini na maneno. Insha yangu ya kwanza ilirudishwa ikiwa imejaa wino mwekundu kwa sababu niliandika tabia, hulka, haiba na utambulisho kana kwamba ni kitu kimoja. Hulka ni ile namna ya kuitikia mambo ambayo mtoto huja nayo. Haiba ni mwelekeo wa kufikiri, kuhisi na kutenda unaojengeka juu yake. Utambulisho ni jibu ambalo mtu mwenyewe analitoa akiulizwa yeye ni nani. Watu wawili wenye haiba zinazofanana wanaweza kutoa majibu yasiyokutana popote.

Kuhusu hulka, mtakutana mapema na watafiti Thomas na Chess, walioanza mwaka 1956 kuwafuatilia watoto 133 jijini New York. Mtakariri makundi yao: watoto wepesi kulea, karibu asilimia 40, wanaozoea mambo polepole, asilimia 15, na wagumu, asilimia 10. Jumlisheni. Zaidi ya theluthi hawakuingia kundi lolote, na hao ndio wanafunzi huwasahau kwenye mtihani. Mimi naona ndio wa kukumbukwa zaidi. Tena hoja nzito ya watafiti hao ilikuwa jinsi hulka ya mtoto inavyoafikiana na mahitaji ya wanaomlea. Mtoto yuleyule huonekana mgumu mikononi mwa mlezi mmoja na mchangamfu kwa mwingine.

Vivyo hivyo msizikariri tu hali nne za utambulisho alizozieleza mwanasaikolojia James Marcia mwaka 1966. Si ngazi. Anauliza mambo mawili tu: je, mtu ametafuta, na je, amejifunga na alichokichagua? Kuna aliyejifunga bila kutafuta, akapokea imani na kazi kama alivyokabidhiwa. Kuna aliye katikati ya kutafuta, na huyo si lazima awe kijana. Talaka au kustaafu huweza kumrudisha mtu huko akiwa na wajukuu.

Hilo la mwisho sikulijifunza vitabuni. Nilitumwa kumhoji mama mmoja wa miaka 71, nami nilikuwa nimemsoma mwanasaikolojia Erik Erikson na hatua zake nane za maisha, tangu utotoni hadi uzeeni, hadi nikazikariri. Ajabu ni kwamba maisha ya Erikson yenyewe yangetosha kunionya: alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, hakumjua baba yake mzazi, akakua na jina la baba wa kambo, kisha akiwa mtu mzima Marekani akajichagulia jina jipya. Hata hivyo, kabla sijasalimia vizuri, nilikwisha kuandika juu ya karatasi: hatua ya nane, kutazama nyuma.

Yule mama akanitazama nikiandika. "Mwanangu, mbona unaandika na mimi sijasema?"

Nikaomba radhi, nikaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kukaa kimya mbele za watu, na kwamba miaka miwili baada ya kufiwa na mumewe alianza kusimama na kuzungumza kwenye mikutano. Alizungumza kwa saa nzima kuhusu anachotaka kufanya mwaka unaofuata. Ya zamani aliyagusa pale tu nilipouliza.

Siku hizi nikienda kuhoji, sehemu ya juu ya karatasi naiacha wazi. Jina la hatua naliandika jioni, kwa penseli, nikishasikiliza sauti niliyorekodi mara mbili.