Virago ya cafe racer: shokapu moja au mbili?
Ukitaka kujenga cafe racer (pikipiki iliyopunguzwa vitu na kuwekwa siti bapa), chukua pikipiki ya Yamaha XV750 Virago ya 1981 hadi 1983, si ya 1984 na kuendelea. Hizo za mwanzo zina shokapu moja tu, imejificha chini ya siti na kushikwa na fremu kuu, kwa hiyo ukikata reli za nyuma za fremu, zinazobeba siti, upate siti bapa ya cafe racer, shokapu haiguswi. Kuanzia 1984 ziko mbili, na ncha zake za juu zimefungwa kwenye reli zilezile unazotaka kukata. Ila stata ya hizo za mwanzo ni sumbufu, gia zake husagana; isikilize kabla hujalipa. Na ukishakata, chomelea kitanzi kipya cha chuma nyuma kuunganisha ncha za reli, uzito wako wote unakaa hapo.