Kabla hujaokota mbegu ya mchikichi kwa jirani

Vijana wanaoanza kulima huku Kigoma hunijia na ombi lilelile: "Mzee, ule mti wako unaozaa sana, naomba mbegu zake." Nakataa. Siyo uchoyo, mimi mwenyewe niliokota hivyohivyo, na kosa nikaligundua mwaka wa nne, miti ilipoanza kuzaa.

Chukua tunda moja, likate katikati kwa kisu kikali. Ukikuta ganda la kokwa ni nene na nyama kidogo, hiyo ni dura, ile ya babu zetu. Ganda likiwa jembamba, limezungukwa na nyuzi nyeusi, na nyama imejaa mawese, hiyo ni tenera. Tenera ni chotara: mama dura, baba pisifera asiye na ganda. Jambo hili lilielezwa mwaka 1941 na watafiti wa Yangambi, Kongo. Sasa tenera akizaa na tenera mwenzake, robo ya watoto hurudi dura, nusu huwa tenera, na robo pisifera, ambayo mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Chavua ikitoka kwa dura ya jirani, nusu ya watoto ni dura. Kwa hiyo nenda TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo huku Kigoma, ukaulize miche ya tenera.

Halafu, mwanangu, acha kukata maua dume eti hayazai. Mti mmoja hutoa dume na jike kwa zamu, kwa hiyo jike hungoja chavua ya mti mwingine. Sogeza pua kwenye ua dume lililochanua: linanukia kama shamari, na limejaa vidudu vya kahawia jamii ya fukusi. Hao ndio wakunga wako. Ua jike nalo hutoa harufu hiyohiyo, vinadanganyika na kuingia na chavua mwilini. Malaysia walikuwa wakichavusha kwa mikono mpaka vilipoletwa kutoka Kameruni na kuachiliwa mashambani mwaka 1981. Wewe unavyo bure, kisha unavipulizia dawa!

La mwisho ni majani. Sukari inayogeuka mafuta hutengenezwa humo, kwa jua, maji na hewa. Mti ukinyolewa sana au ukipigwa na kiangazi huelekea kutoa dume, ila matokeo huchelewa, kwa sababu jinsia ya ua huamuliwa karibu miaka miwili kabla halijachanua. Kwa hiyo ukiona shamba zima ni dume tupu, usimtafute mchawi. Kumbuka yale majani uliyokata mwaka juzi kuezekea banda la mbuzi.