Kabla ya kufuata ushauri wa uwekezaji, uliza mshauri analipwa na nani

Nimefanya kazi ya uhasibu katika shule za sekondari kwa muda mrefu, na nimezoea kuwaona mawakala wa bima wakiingia katika chumba cha walimu mara tu mishahara inapotoka. Huja nadhifu, wana lugha ya heshima, hujitambulisha kama washauri wa fedha, na fomu ya makato huwa tayari mkononi. Sisemi kwamba ni matapeli. Tangu mpango wa upatu wa DECI ulipoanguka mwaka 2009 na fedha za watu wengi "waliopanda mbegu", yaani walioweka fedha wakingoja zizae, zikapotea, Mtanzania anayeahidiwa faida maradufu kwa miezi michache ana angalau kitu cha kumshtua. Anayetatiza zaidi ni muuzaji mwenye leseni, mwenye bidhaa halali, ambaye hali chochote siku ukimwambia kwamba huihitaji.

Tuchukue mfano wa mkataba wa miaka 10 unaochanganya akiba na bima ya maisha, ambapo mwalimu anakatwa shilingi 100,000 kila mwezi na kuahidiwa shilingi milioni 14 mwishoni. Wakala atasema kwamba umeweka milioni 12, umepata faida ya milioni 2, na muda wote huo familia yako imekingwa. Hesabu hiyo si ya uongo, ila imeuficha muda: ukizingatia miaka ambayo fedha hizo zimekaa huko, faida yake ni takriban asilimia 3 kwa mwaka. Makato hayo hayo yakikua kwa asilimia 9 kwa mwaka yangepita milioni 19. Sehemu ya tofauti hiyo ni gharama ya kinga, na hiyo ni halali. Nyingine ni gharama za kampuni pamoja na kamisheni ya wakala, ambayo kwa kawaida huwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza, na ndiyo maana anayevunja mkataba mapema huambulia kidogo sana au hapati kitu.

Kwa hiyo mwalimu akiniletea fomu, humrudisha kwa wakala akaulize mambo mawili na kupewa majibu kwa maandishi: wewe utalipwa kiasi gani nikitia saini, na mimi nikivunja mkataba mwishoni mwa mwaka wa pili nitarudishiwa shilingi ngapi? Swali la pili ndilo huleta kigugumizi. Wapo waliojibu bila kuzunguka, na kwa haki yao niseme kwamba hao ndio ambao ningewasikiliza hata katika mambo mengine.

Maoni yangu ni kwamba kinga na uwekezaji vinunuliwe mbalimbali. Mwenye watoto wanaomtegemea anahitaji bima ya maisha ya muda maalumu, isiyorudisha chochote mkataba ukiisha, kwa kuwa hiyo hutoa kinga ile ile kwa malipo madogo zaidi. Kinachobaki kwanza kilipe mikopo yenye riba kubwa, kisha kiende mahali ambapo gharama zinaonekana. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS (kampuni ya Serikali), iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005, nayo hutoza ada ya usimamizi, lakini bei ya kipande, yaani sehemu moja ya umiliki katika mfuko, hutangazwa na mtu anaweza kujikokotolea mwenyewe alichopata. Mmoja wa mifuko hiyo, Mfuko wa Ukwasi, haukati kitu mtu anapouza vipande vyake. Aliyefikisha shilingi milioni 1 anaweza kushiriki mnada wa hati fungani za Serikali (yaani kuikopesha Serikali kwa riba) unaoendeshwa na Benki Kuu, akapokea riba mara mbili kwa mwaka. Ofisa wa benki huenda asikutajie njia hiyo, na si ajabu, kwani benki hukusanya amana zetu kwa riba ndogo na zenyewe zikanunua hati hizo hizo.

Aliyekwisha kuingia katika mkataba wa namna ile asikimbilie kuuvunja kwa hasira. Aombe kwanza barua inayoonyesha kiasi atakachorudishiwa leo, kiasi atakachopata akimaliza, na kama anaruhusiwa kuacha kulipa huku kile alichokwisha kuweka kikisubiri mwisho wa mkataba. Kama imebaki miaka miwili au mitatu tu, mara nyingi kumaliza kuna nafuu kuliko kujitoa.