Kutembea kwa miguu katika mji wa milima: ushauri kwa wenzangu wa Bukavu

Hapa Bukavu, mtu mwenye kazi yake akionekana anapanda kwa miguu kutoka Nguba hadi Nyawera, wengi hudhani amekosa nauli. Majirani wameniuliza mara nyingi, "Kaka, leo pikipiki zimekwenda wapi?", nami huwajibu kwamba pikipiki zipo, ila ninatembea kwa ajili ya moyo wangu. Dhana hiyo, kwamba miguu ni ya asiye na pesa, inawanyima watu wengi wa mji huu faida iliyo mlangoni mwao, na ndiyo iliyonisukuma kuandika.

Nilianza kutembea kwa utaratibu baada ya daktari kunipima na kukuta shinikizo la damu limepanda. Kazi yangu ni ya kukaa mezani tangu asubuhi hadi jioni. Pamoja na vidonge na agizo la kupunguza chumvi, alinitaka nitembee karibu kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma, yaani angalau nusu saa kwa siku, siku tano. Mwendo unaofaa ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako lakini si kuimba. Shinikizo langu lilishuka polepole, na vidonge sikuviacha. Anayeacha dawa bila kumwuliza daktari, kwa sababu tu anajisikia vizuri, anajiweka hatarini.

Milima yetu, ambayo watu huilalamikia sana, mimi naiona kuwa neema. Watafiti wa Austria waliwahi kuwachukua watu wasiozoea mazoezi, wakawataka wapande mlima kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba, linaloning'inia kwenye waya, kwa miezi miwili, kisha wafanye kinyume chake kwa miezi miwili mingine. Kupanda kulipunguza mafuta katika damu, na kushuka, ambako tunadhani hakuna kazi, kuliusaidia mwili kutumia sukari vizuri zaidi. Hata hivyo, kushuka huyaelemea magoti. Piga hatua fupi, kunja goti kidogo, kanyaga kwa unyayo mzima, wala usiuache mteremko ukukimbize. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua inapogeuza udongo mwekundu kuwa utelezi, vaa viatu ambavyo soli yake bado ina meno. Anayeanza asikimbilie vilima vya Kadutu. Atafute kwanza barabara isiyo na mwinuko mkali, na asubuhi mapema, kabla vumbi na moshi wa magari havijazidi.

Siwazungumzii hapa akina mama wanaobeba magunia mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kwenye paji la uso. Mzigo wao huumiza shingo na mgongo, na hakuna haki ya kuwahubiria mazoezi; wanachohitaji ni mzigo mwepesi na malipo bora.

Kwa sisi tunaokaa baada ya bugali wa muhogo, wakati wa kutembea nao una uzito wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa kwa wazee waliokuwa katika hatari ya kupata kisukari, ulionyesha kwamba kutembea dakika 15 baada ya kila mlo kulituliza sukari ya baada ya chakula cha jioni kuliko kutembea dakika 45 kwa mkupuo mmoja. Usiku sipendekezi mtu atoke barabarani katika hali ya mji wetu. Kuzunguka uani kunatosha.

Upande wa akili ndio ulionishangaza zaidi. Katika miaka hii ya wasiwasi, wengi wetu hulala na habari mbaya kichwani na kuamka nazo. Nimeona kwamba siku ninazotembea, usingizi huja mapema, na jambo lililonikaba tangu asubuhi huanza kulegea kabla sijafika nyumbani. Nikiwa na rafiki, huwa tunazungumza mambo ambayo tukiwa tumekaa uso kwa uso tungeyameza. Ubongo wenyewe hufaidika: mwaka 2011 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa juma, kwa mwaka mmoja, waliongezeka kama asilimia 2 ya ukubwa wa sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Lakini mwenye huzuni isiyoondoka, au aliyepatwa na mambo mazito ya vita, asitegemee miguu peke yake; amwone daktari au mshauri aliyefunzwa.

Mwenye ugonjwa wa moyo azungumze na daktari kabla ya kuanza, na yeyote anayebanwa kifua anapopanda asimame papo hapo, kisha aende hospitalini siku hiyohiyo. Mwenye kisukari anayetumia insulini abebe kitu kitamu mfukoni, sukari isije ikamshukia njiani, na akirudi avue viatu akague nyayo zake, hata katikati ya vidole, kwa kuwa malengelenge madogo asiyoyasikia yanaweza kugeuka kidonda.