Testi Zimefeli Ukibildi Linux: Maswali na Majibu

Safari hii karibu maswali yote yametoka kwa wanaobildi Linux From Scratch (LFS), mfumo mzima toka sosi kodi, kifurushi kimoja kimoja. Mimi nimechoka na picha za skrini zenye `make: *** [all] Error 2` peke yake. Huo mstari hausemi kitu, erori yenyewe iko juu, pengine mistari mia tano juu, panda uitafute ndo uniandikie.

Mkuu, Glibc (maktaba kuu ya C) imefeli testi mbili. Nianze upya?

Zipi? Mnapenda kuhesabu, majina hamsomi. Kama mojawapo ni `io/tst-lchmod`, hiyo inajulikana kufeli ukiwa ndani ya chroot (yaani umeingia kwenye folda ya mfumo mpya kana kwamba ndiyo `/`), na kitabu cha LFS kimeisema palepale chini ya amri uliyokopi. Afu kuna `nss/tst-nss-files-hosts-multi` na zile za `nptl/tst-thread-affinity`, hizo mara nyingi zinaishiwa muda tu, mashine ni ya polepole au umeibebesha `-j` (idadi ya kazi za make kwa mpigo) kubwa. Usikisie, piga `grep "Timed out" $(find -name \*.out)`, ukiiona humo irudie hiyo moja tu: `TIMEOUTFACTOR=10 make test t=nss/tst-nss-files-hosts-multi`. Ikipita songa mbele. Ila zikifeli kwa makumi, simama hapohapo, manake karibu kila programu utakayobildi baadaye inaitegemea hiyo Glibc, na shida zake zitakuja kujitokeza mbele kwenye kifurushi ambacho hakina kosa lolote, utahangaika na mtu asiyehusika.

Nikiruka testi kuna ubaya? Zinakula muda sana.

Sed ruka ukitaka. Glibc usiruke kabisa, Binutils (asembla na linka) na GCC (kompaila) vilevile. Za sura ya 5 na 6 usijisumbue nazo, testi zake zinakompailiwa kwa krosi kompaila (kompaila inayotoa programu za mfumo mwingine), pengine hata hazitakubali kuwaka kwenye mashine yako.

GCC imenitolea XFAIL kibao, nimeharibu wapi?

Hujaharibu. XFAIL ni testi ambayo wenyewe wanategemea ifeli, na ikafeli. We angalia FAIL. Lakini kwa vile umeuliza GCC ngoja nimalize, kila siku nakuta mtu kaendesha hizi testi akiwa `root`, na kikomo cha stak (kumbukumbu ya muda ya programu) hajakigusa, halafu analalamika. Kuna testi zinamaliza stak yote, ndo maana unaanza na `ulimit -s -H unlimited`. Kisha `chown -R tester .` (tester ni yuza wa kawaida, si `root`), kisha `su tester -c "PATH=$PATH make -k check"`. Hiyo `-k` si pambo, ukiitoa make inagoma kwenye feli ya kwanza na hutajua zilizobaki zikoje. Mwisho `../contrib/test_summary | grep -A7 Summ` ikupe muhtasari, badala ya kunitumia logi nzima.

Na wale wa `-O3 -march=native` kwenye CFLAGS (chaguo anazopewa kompaila) mara ya kwanza tu, mnatafuta nini? Bildi kama ilivyoandikwa, iwake, spidi utaitafuta ukishakuwa na mfumo. Ukiona `Killed` karibu na `cc1plus` (prosesi ya GCC ya kukompaili C++) hiyo si testi wala si kompaila, RAM imeisha na kaneli imeua prosesi, `dmesg` itakuonyesha. Punguza `-j`. Kori nane na RAM ya giga 4 haviendi pamoja.

Inaandika "out of pty devices".

Devpts, faili sistemu inayotoa pty (terminali za bandia), haijamauntiwa sawasawa. Toka chroot, maunti, rudi.

Nimetumia `make check | tee logi.txt`, nikacheki `$?` ni 0. Si zote zimepita?

Hiyo 0 ni ya tee, si ya make. `set -o pipefail` kwanza, ili feli ya make isifichwe.

Umeme ulikatika katikati ya kubildi, nimewasha naendelea lakini testi zinafeli ovyo.

Futa folda ya hicho kifurushi na ukifungue upya toka kwenye tarball, manake mafaili yaliyoandikwa nusu make anayaona mapya na anayaruka. Ukizima mashine maunti zote zinaondoka, kwa hiyo `/dev`, `/dev/pts`, `/proc`, `/sys` na `/run` za mfumo unaoubildi zirudishwe kabla hujaingia chroot. Sasa hili hujauliza ila lisome mara mbili: baada ya kuwasha ile `$LFS` (inayoshika njia ya folda ya mfumo unaoubildi) inaweza kuwa tupu. Kitabu kwenye sehemu ya kurudisha bekapu kina `rm -rf $LFS/*`, na ukiipiga kama `root` ikiwa tupu inasomeka `rm -rf /*`, yaani unafuta mfumo mwenyeji (Linux unayobildia) wote, picha za harusi ndani. Piga `echo $LFS` kwanza, kila ukiwasha, kila ukibadili yuza. Ikitoa mstari mtupu usiguse kitu kingine mpaka uiseti.