Kisaka hitilafu kinanichelewesha kazi

SWALI: Ndugu Mhariri, natunga kwa C++ programu ya kumbukumbu za magunia ya kahawa, ambayo humaliza hesabu kwa sekunde 10. Nikiiendesha ndani ya GDB, kisaka hitilafu changu, ili kujua ni msimbo upi unaoharibu safu ya uzito (orodha ya namba za uzito kwenye kumbukumbu), inachukua zaidi ya nusu saa. Je, ninunue kompyuta mpya? — Msomaji, Moshi.

JIBU: Fedha hiyo itunze kwanza. Vichakataji vya x86, vile vya Intel na AMD vilivyomo katika kompyuta nyingi, vina rejista (vihifadhi vidogo vya ndani) 4 tu za kufuatilia anwani za kumbukumbu, kila moja ikimudu baiti zisizozidi 8. Ukiiomba GDB ifuatilie safu nzima, isiyotosha humo, huiendesha programu amri moja moja na kukagua thamani kila hatua, jambo linaloipunguza kasi mara mamia, na hapo hata kompyuta ya bei kali haitakuokoa. Fuatilia kipengele kimoja tu, kile unachokuta kimeharibika. Vituo vyenye sharti, yaani mahali unapoiagiza GDB isimamishe programu iwapo tu jambo fulani ni kweli, navyo huchelewesha, kwa kuwa programu husimama kila inapovifikia, hata sharti lisipotimia. Mimi huliandika sharti ndani ya msimbo wenyewe, nikaukusanya (compile) upya.