Majimoto ya Japani: Haya, Hina na Maji ya Birika

SWALI: Assalaam alaykum, Mama wa Safari. Mimi ni mke wa mtu hapa Langoni, Lamu, umri wangu miaka 46. Mume wangu yuko Japani kwa mafunzo ya miezi mitatu na mwezi ujao nitamfuata, inshallah. Ameshatulipia siku mbili katika nyumba ya wageni ya kizamani yenye majimoto, maji ya chemchemi yatokayo ardhini yakiwa moto; ryokan wanaiita nyumba hiyo. Nilifurahi mpaka jirani aliponiambia kwamba kule watu huoga uchi pamoja, hulala chini na hula samaki wabichi. Nina haya sana, na presha yangu hupanda. Tena kabla ya safari kuna harusi ya mpwa wangu, nataka kupaka hina na piko. Je, nimwambie avunje mpango?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Usimwambie avunje. Nimelala ryokan mara mbili, wakati binti yangu mkubwa alipokuwa akisoma Beppu, katika kisiwa cha Kyushu. Ule ni mji ambao moshi wa majimoto hutoka hata kwenye mifereji ya barabarani, ukiutazama kwa mbali wadhani kila nyumba imeinjika chungu. Nilikwenda na haya zako hizo hizo.

Jirani yako hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Katika bafu la pamoja wanawake wana lao na wanaume wana lao. Mlangoni hutundikwa pazia, mara nyingi jekundu kwa wanawake na la buluu kwa wanaume. Lakini usitegemee rangi peke yake. Nyumba nyingine hubadilishana usiku, na bafu uliloingia jana jioni likawa la wanaume leo asubuhi. Mwambie mume wako akufundishe maandishi mawili tu: 女 ni mwanamke, 男 ni mwanamume. Yaandike kwenye karatasi uyatie mkobani.

Ndani ya maji hauingii na nguo yoyote, hata leso. Hilo halina mjadala kule, na mipaka ya mwanamke mbele ya mwanamke mwenziwe katika dini yetu waijua kama niijuavyo mimi. Kwa hiyo dawa yako ni moja: mume wako aulize kama nyumba hiyo ina bafu la kukodi faragha, wanaloliita kashikiri, au bafu la familia, kazokuburo. Mwapewa ufunguo na muda wenu, kama dakika 45 hivi, mwafunga mlango kwa ndani, mwaoga wawili mume na mke. Sisi tulifanya hivyo kila siku, binti yangu na mimi kwa zamu, na hakuna aliyetutazama kwa jicho baya. Vyumba vingine vina bafu lake barazani kabisa, ila bei yake hupanda. Aulize sasa, asingoje mfike.

Na hapo hapo jambo la hina limekwisha. Mabafu mengi ya pamoja hukataza chale na michoro ya mwilini, kwa sababu kwao michoro hiyo imehusishwa na magenge ya wahalifu kwa miaka mingi. Mtu wa mlangoni hawezi kujua kwamba piko lako litafutika baada ya wiki mbili. Ukiwa na bafu la faragha, paka upendavyo, harusi ni harusi. Pete na mikufu ya fedha iache chumbani. Maji ya kule mahali pengine yana madini ya kiberiti, yaani salfa, nayo huigeuza fedha ikawa nyeusi.

Sasa nikwambie jambo ambalo watu wa mbali huliona gumu, na wewe mtoto wa Lamu umezaliwa nalo. Wakumbuka birika la nyumba za mawe? Bibi yangu Mkomani alikuwa na birika chooni, na samaki wadogo ndani wa kula viluwiluwi vya mbu. Ole wako utie mkono mle. Maji yalichotwa kwa kata, ukajimwagia pembeni, na povu la sabuni halikurudi birikani hata tone. Basi bafu la Wajapani ni birika lile lile, tofauti yake hili utaingia mwili mzima, na kwa hiyo lazima uingie ukiwa umeshatakata. Kuna vigoda vidogo ukutani, na ndoo na bomba. Waketi, wajisugua kwa sabuni toka kichwa hadi nyayo, wasuuza mpaka povu liishe, wafunga nywele juu, ndipo waingia. Kitaulo kidogo utakachopewa kisiguse maji, kiweke kichwani au ukingoni. Hayo maji ya ndani ni ya kutulia tu, hakuna kujisugua, na atakayeingia baada yako atayatumia hayo hayo.

Kwa presha yako, zungumza na daktari wako kabla ya safari, na hilo nasisitiza. Maji hayo kwa kawaida ni nyuzi 40 hadi 42, yaani moto kuliko mwili. Jimwagie kwanza kwa ndoo miguuni, kisha mapajani, kisha mabegani, mwili uzoee. Kaa dakika chache, toka, pumzika, kunywa maji. Usiingie ukiwa umetoka kula, wala usiinuke kwa ghafla. Na usiingie peke yako.

Kuhusu nyumba yenyewe, huna la kuogopa. Viatu huachwa mlangoni, kama kwako. Ukifika waletewa chai ya kijani na kitamutamu, kama sisi na kahawa chungu na halua. Sakafu ni mikeka minene ya tatami, na juu yake haukanyagi hata kwa ndara. Chooni kuna ndara zake zisizotoka mle, na nilipoziona niliikumbuka mitawanda ya bibi, vile viatu vya mbao vya chooni. Vyoo vyao vingi vina bomba la maji ndani yake, kwa hiyo kopo usibebe. Kuna pahali kama kishubaka kikubwa ukutani, penye picha ya kuning'inia au ua moja. Usiweke begi pale, ni pahali pa heshima. Godoro hutolewa kabatini na kutandikwa jioni mkiwa mnakula. Kama mgongo wakuuma, omba la pili lilazwe juu yake.

Vazi la pamba utakalolikuta chumbani, yukata, ni la kulala na la kutembelea ndani. Ulifunge upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Mimi jioni ya kwanza nilifunga kinyume. Mhudumu mmoja, mama wa makamo yangu, alinikuta ukumbini. Akaweka sinia chini, akashika ncha mbili za vazi langu, akazibadilisha, akanifunga mshipi upya, akainama, akaenda zake. Hakusema neno. Binti yangu ndiye aliyenieleza kwamba kulia juu ya kushoto ni namna ya kumvalisha maiti. Mimi huosha maiti hapa mtaani, mwanangu. Sanda najua ina mpangilio wake wa kukunjwa, na mtu hai hafungwi hivyo. Nilielewa kabisa kwa nini mama yule hakuweza kuniacha nikapita.

Chakula ndicho kitakachotaka maneno mengi kabla. Jioni huletwa vyakula vingi vidogo vidogo, kila kimoja katika chombo chake, na samaki mbichi atakuwemo. Ukimtaka aliyechomwa, sema. Kosa nililofanya mimi ni kusema "hatuli nguruwe" nikadhani nimemaliza. Nguruwe hakuwepo, lakini pombe ya mchele, sake, na ile tamu yake, mirin, hutiwa kwenye mchuzi na kwenye samaki wa kuchoma kama sisi tutiavyo ndimu. Tuliuliza tumeshaketi, na jikoni walikuwa wameshapika. Walitusikitikia kwa dhati, wakatupa wali, mayai na tufu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa. Basi mume wako aandike siku kadhaa kabla: nguruwe hapana, pombe hapana, sake na mirin hapana hata kidogo. Ule mchuzi wao wa asili, dashi, kwa kawaida hupikwa kwa mwani na samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa mpaka akawa mgumu kama kuni. Huo utaupenda. Ila aulize kama hawakuuongezea kitu.

Sala utasalia pale pale juu ya tatami, na sijapata pahali safi zaidi ugenini. Hapa Lamu twaelekea kaskazini. Kule kibla ni magharibi, ukiegemea kaskazini kidogo.

Fikeni mapema, yapata saa tisa alasiri. Chakula cha jioni huwa saa kumi na mbili au moja, na hakingoji mtu. Kutoka ni saa nne asubuhi. Bei huhesabiwa kwa kichwa pamoja na milo miwili, na mara nyingi huongezwa kodi ya majimoto, kama yeni 150 kwa mtu.

SWALI: Mama wa Safari, mimi ni mhudumu wa hoteli hapa Malindi. Nimesikia Japani hawapokei bahashishi. Ni kweli? Sisi bila hiyo watoto hawasomi.

JIBU: Ni kweli, mwanangu, kule si desturi. Malipo ya huduma huwa yamo katika bei. Mama yule aliyenifunga yukata nilimwachia yeni 1,000 chini ya kikombe. Tukiwa kituo cha basi akaja mbio na ndara zake, akanirudishia kwa mikono miwili, imetiwa katika bahasha. Nilimpa leso yangu ya mabegani badala yake. Hiyo aliipokea.